Siku za mwisho Nepal baada ya kushuka Everest: Pokhara, Boudha au Bhaktapur?

Nyayo_Ndefu (mwanzisha mada)
Wakuu, salaam. Nipo Namche, mji wa milimani, nashuka kutoka Kambi ya Chini ya Everest, intaneti inakuja na kuondoka. Nikishafika Kathmandu nitabakiwa na siku chache kabla ya ndege ya nyumbani. Nchi hii imeniingia moyoni, sitaki kuiaga kwa kuzurura Thamel, mtaa wa watalii, nikinunua sumaku za friji. Nimewaza Pokhara kando ya ziwa Phewa, au mtaa wa Boudha hapo Kathmandu kwenye stupa kubwa (jengo la ibada la Kibudha), au nikalale Bhaktapur, mji wa kale jirani na Kathmandu. Mliopita huko mnasemaje?

Mama_Vilele
Pokhara, wala usijiulize. Magoti yako yanadai haki yao. Unakaa kando ya maji na Machhapuchhre umesimama mbele yako, mita 6,993, mlima mtakatifu ambao hairuhusiwi kuupanda, kwa hiyo hata hamu ya kilele haikusumbui tena. Alfajiri panda kilima cha Sarangkot. Bahati yako ni Novemba, anga safi. Ingekuwa Aprili ningenyamaza, maana moshi na vumbi huificha milima yote.

Kibegi_Mgongoni
Dada, ziwa silikatai, ila barabara mbona hujamwambia? Kathmandu hadi Pokhara ni kama kilomita 200 tu, lakini basi linaweza kukumalizia siku nzima. Ndege ni kama nusu saa.

Halafu kuna Lukla, unakopanda ndege ukitoka Everest. Uwanja ule uko kwenye bega la mlima, njia ya kurukia ina mita 527, na wingu likishuka hakuna kinachoruka. Watu hukwama siku mbili, tatu. Tena msimu wa wageni wengi, ndege nyingi za Lukla hutua Manthali kule Ramechhap badala ya Kathmandu, kisha unapanda gari kwa muda wa saa nne au tano hadi Kathmandu. Mwenye siku chache akizipeleka Pokhara anacheza kamari.

Mama_Vilele
Hapo kwenye Lukla umenishika. Siku zikiliwa kule juu, Pokhara aifute.

Kobe_Mwendapole
Mimi kura yangu ni Boudha, na ulale palepale, usije kama mgeni wa mchana. Magari ya watalii yakishaondoka mahali panabadilika. Jioni wenyeji hutoka kuizunguka stupa, wote kwa mwendo wa mshale wa saa: bibi wa Kitibeti na tasbihi yake, kijana aliyetoka kazini na mfuko wa mboga, mtawa anayeongea na simu. Unasikia soli zikiburuzwa kwenye mawe na magurudumu ya sala yakilia kwa kukosa mafuta. Ingia tu kwenye mzunguko, hakuna atakayekuuliza dini yako. Tetemeko la 2015 lilipasua mnara wake wa juu, na Novemba 2016 ukafunguliwa tena baada ya ukarabati. Na uwanja wa ndege wa Tribhuvan uko jirani, siku ya kuondoka huna presha.

Mzee_Fimbo
Vijana, mnabishania mahali. Huyu mwenzetu ataagana na watu kabla hajafika popote kati ya hapo! Mwongozaji huenda akarudi naye Kathmandu, lakini mpagazi kwa kawaida kazi yake inaishia Lukla, na asubuhi ile ndege ikiitwa ni mbiombio, hata mkono hampeani vizuri. Agana naye usiku wa kuamkia safari, mkishamaliza dal bhat, wali na dengu. Bakshishi mpe mkononi mwake mwenyewe, kila mtu bahasha yake, kwa rupia za Nepal. Toa pesa hapo hapo Namche mashine ikiwa inafanya kazi, usitegemee Lukla. Wakikuvika khata, kitambaa cha heshima, shingoni, usiivue ukaitupa kwenye begi mbele yao.

Bhaktapur ni pazuri kweli. Hekalu la Nyatapola lina paa tano na limesimama tangu 1702, matetemeko yote yamelipitia. Lakini panatosha kwenda mchana, ukale mtindi wao wa juju dhau kwenye kibakuli cha udongo, urudi ulale Boudha. Ukinunua kinyago kinachofanana na cha kale, dai karatasi ya kuonyesha si cha kale. Vitu vilivyozidi miaka 100 haviruhusiwi kutoka nchini.

Nyayo_Ndefu
Mzee, shikamoo. Hilo la mpagazi sikuwa nimeliwaza kabisa, akili yote ilikuwa kwenye hoteli. Basi kesho asubuhi nitaanzia kwenye mashine ya pesa. Nitalala Boudha, Bhaktapur nitapita mchana. Mama Vilele, Pokhara usinidai, nitarudi kwa ajili ya milima ya Annapurna.

Mama_Vilele
Sikudai, lakini ukirudi uje Oktoba au Novemba.

Kibegi_Mgongoni
Na pale Lukla omba uwekwe kwenye ndege za alfajiri. Za mchana ndizo upepo na mawingu huzifuta.

Mzee_Fimbo
Marahaba. Sabuni ya Namche ni ghali, usimwachie mpagazi nguo chafu ukaziita zawadi.