Naomba ushauri: santuri 63 za soul na blues, nina siku nne tu

Kipwani: Wakuu, heshima kwenu. Marehemu mzee ameacha kasha la santuri 63, nyingi soul na blues, rock chache. Yumo Otis Redding, Aretha Franklin, Muddy Waters, Howlin' Wolf, Percy Sledge. Nataka kuzihamishia zote kwenye kompyuta kabla ya Jumamosi, halafu niwagawie bure wapenzi wa muziki wa kale. Gramafoni ya umeme ya mzee bado inazunguka, ila sauti inayoingia kwenye kompyuta ni nyembamba, kama mtu anaongea ndani ya debe. Baadhi zina ukungu. Nianzie wapi? Usiku wa tatu huu usingizi hauji. Nawasilisha.

Fundi wa Barabara ya 12: Pole kwa msiba. Hiyo sauti ya debe ni kwa sababu umeunganisha moja kwa moja. Santuri inapochongwa kiwandani, besi hupunguzwa na sauti za juu huongezwa ili mifereji isiwe mipana mno, na amplifaya ndiyo inayorudisha mizani. Tafuta amplifaya ya zamani yenye tundu lililoandikwa PHONO. Ukungu utoe kwa maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri (hakikisha siyo asidi!), tone moja la sabuni ya vyombo, na kitambaa laini kinachofuata mzunguko wa mifereji. Ukikuta nzito zinazovunjika kama kigae, za mizunguko 78, usizipake spiriti, utaziharibu.

Ila hesabu yako inanishinda. Santuri hurekodiwa huku inacheza, hakuna mkato. Kubwa moja ni kama dakika 40, mara 63 ni saa 42, na bado hujaosha hata moja. Jumamosi kuna nini?

Lubumbashi Kwetu: Ndugu, umenikumbusha marehemu mjomba. Septemba 1974 alikuwa Kinshasa, James Brown na B.B. King walipokuja kwa ajili ya pambano la ngumi la Ali na Foreman. Foreman akapasuka juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa hadi 30 Oktoba, lakini muziki ukapigwa vilevile. Mjomba alirudi na shati alilotoka nalo jasho uwanjani, akakataa lisifuliwe. Tulikua tunalitazama hilo shati ukutani.

Mama Neema: Mwanangu, mali ya marehemu haina haraka. Arobaini imefika? Kaeni kwanza kama familia.

Kipwani: Asanteni. Fundi, amplifaya nitaazima. Jumamosi nina shughuli tu.

Fundi wa Barabara ya 12: Shughuli gani? Mgonjwa hamfichi daktari.

Kipwani: Sawa. Kuna mnunuzi anakuja kuzichukua. Ameshanipa kianzio na nimeshakilipia ada ya mtoto. Msinihukumu. Kwangu zitaliwa na mchwa, kwake zitatunzwa. Ndiyo maana nataka nibaki na sauti yake, na wengine waipate. Nikigawa bure nimemwibia nani?

Wakili Mstaafu: Kuziuza ni jambo moja, kuzisambaza ni jingine. Kwa sheria ya Marekani ya 2018, rekodi za kuanzia 1957 hadi 14 Februari 1972 zinalindwa mpaka 15 Februari 2067. Otis na Aretha wako humo. Zilizotoka kabla ya 1923 ziliachiwa huru 1 Januari 2022, na za 1923, kama za mwanzo za Bessie Smith, zikafuata 2024. Jirekodie usikilize nyumbani. Ukizimwaga mtandaoni usishangae zikiondolewa.

Kijana wa Ilala: Mnunuzi ametoa bei gani? Huenda umepigwa. Piga picha lebo.

Kipwani: Bei tuiache. Iliyo ngumu kwangu kuachana nayo ni moja, "Dock of the Bay". Jalada lake limeandikwa kwa wino, "Des. 1967".

Mpiga Ngoma: Wadau, hii ni chai. Otis alikufa kwa ajali ya ndege 10 Desemba 1967, Wisconsin. Wimbo huo alikuwa ametoka kuurekodi Memphis siku chache tu kabla, ukatoka Januari 1968. Hakuna binadamu aliyekuwa nao Desemba 1967, wala Dar wala Memphis kwenyewe. Mleta mada anatunga ili apandishe bei.

Kijana wa Ilala: Nilijua! Santuri 63, mnunuzi asiye na jina, machozi kidogo. Nipitisheni sukari.

Mama Neema: Acheni hizo. Mtu amefiwa.

Mpiga Ngoma: Mama, mimi Otis nampenda kuliko mnavyodhani, ndiyo maana sikubali mtu amtumie kwa uongo. Mleta mada, chukua hilo jalada, utuandikie maneno yote yaliyopo. Yote.

Kipwani: Sijatunga. Nimeenda kulitazama kwa tochi. Mpiga Ngoma uko sahihi kuhusu mwaka. Jalada ni la "Otis Blue" ya 1965. Santuri yake kubwa haimo, ndani imechomekwa hiyo ndogo ya mizunguko 45. Nilisoma tarehe nikadhani ni moja.

Maneno yote ni haya: "Mali ya", kisha jina, kisha "Des. 1967". Jina siyo la baba.

Fundi wa Barabara ya 12: Na mengine?

Kipwani: Majalada 58 yana jina hilohilo. Ni rafiki yake baba, walipanga nyumba moja Ilala. Novemba 1969 mkuu wa mkoa alipopiga marufuku soul Dar es Salaam, huyo bwana aliogopa kazi yake, akamwachia baba kasha alifiche. Baba akahamia nalo Tanga. Nililijua hilo tangu utotoni. Lakini jamani, miaka zaidi ya hamsini! Baba ndiye aliyezifuta vumbi, ndiye aliyezibeba mvua ilipoingia ndani. Mtu akikaa na kitu muda wote huo kinakuwa cha nani?

Wakili Mstaafu: Alipewa atunze. Amana haigeuki urithi.

Bi Mkubwa wa Chumbageni: Mwaka ule mimi nilikuwa msichana. Januari ilikuja Operesheni Vijana na vita ya sketi fupi, Novemba ikafuata soul. Kaka yangu alizifukia zake uani ndani ya gunia la mkaa. Alipozifukua zimepinda kama chapati, na hakununua nyingine mpaka amekufa. Mwanangu, baba yako alifanya kazi ambayo kaka yangu alitamani mtu amfanyie. Huyo rafiki yu hai?

Kipwani: Alikuja msibani.

Mpiga Ngoma: Nafuta neno chai. Samahani, mkuu. Mpigie leo, kabla hujalala.

Mama Neema: Na kianzio kirudi. Kwenye chama chetu kuna mkopo mdogo, nifuate faragha.

Kipwani: Nimepiga, amepokea binti yake. Mzee yuko Pangani, macho hayaoni ila masikio mazima. Nimeeleza yote, pamoja na kianzio. Akakaa kimya muda mrefu, nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza ile ndogo ya Otis kama bado inapiga mluzi mwishoni. Nikamwambia sijafika mwisho, nilikuwa naharakisha.

Mnunuzi nimemtumia ujumbe. Hajajibu. Jumamosi naenda Pangani na kasha.

Fundi wa Barabara ya 12: Usiicheze kwa hiyo sindano ya mzee, itaichimba. Nitumie picha ya kichwa cha gramafoni, ninazo mpya tatu dukani. Moja nakupa, na amplifaya nakuazima. Pitia Ijumaa kabla sijafunga.