Kama nishati haiangamizwi, kwa nini petroli ya mtumbwi huisha?

Mzazi_Igoma:
Habari za jioni, wanajukwaa. Kijana wangu wa darasa la sita amefundishwa kwamba nishati haiumbwi wala haiangamizwi, bali hubadilika kutoka aina moja kwenda nyingine. Baba yake mdogo ana mtumbwi wa dagaa, ambao hujazwa petroli jioni na kurudi mwaloni asubuhi tangi likiwa karibu tupu. Sasa anauliza: nishati ile imekwenda wapi, na kwa nini tusiikusanye tukaitumia tena? Jibu la kwamba imegeuka kuwa mwendo halimridhishi, kwa sababu asubuhi mtumbwi umefungwa palepale ulipoondokea na hausogei hata kidogo. Naomba maelezo, ikiwezekana kwa mifano ya hapahapa Ziwa Victoria.

Mwalimu_Ilemela:
Ndugu mzazi, hongera kwa kijana, maana ameligusa jambo ambalo masomo mengi hulipita haraka. Lita moja ya petroli hubeba nishati ya kikemia ya takriban jouli milioni 32. Uniti moja ya umeme tunayonunua kwenye LUKU ni jouli milioni 3.6, kwa hiyo katika lita hiyo mna uniti tisa hivi. Petroli inapoungua ndani ya injini, nishati hiyo hugeuka kwanza kuwa joto. Gesi zilizopata joto hutanuka na kuisukuma pistoni, na hapo ndipo sehemu yake, tuseme robo, inapogeuka kuwa nishati ya mwendo na kulizungusha pangaboi. Iliyobaki hutoka ikiwa joto.

Hata ile robo haidumu katika mwendo. Pangaboi na ubavu wa mtumbwi huyavuruga maji, na maji hayo huendelea kusuguana yenyewe kwa yenyewe hadi yatulie, na yakitulia mwendo wake umekwisha kugeuka joto. Mwingereza James Joule alilipima jambo hili katika miaka ya 1840: aliacha uzito ushuke na kuzungusha makasia madogo ndani ya chombo cha maji, kisha akaona jotoridi la maji limepanda. Kilo moja ya maji huhitaji takriban jouli 4,200 ili ipande nyuzi moja tu ya selisiasi. Sasa chukua joto la tangi moja la petroli ulitawanye katika ziwa lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na katika hewa iliyo juu yake. Hakuna kipimajoto kitakachoonyesha tofauti.

Kuhusu kuikusanya tena, ni sawa na noti ya shilingi elfu kumi iliyovunjwa na kugawiwa watu mia: fedha yote ipo, ila hakuna mwenye nauli ya kwenda Bukoba. Joto hufanya kazi linapopita kutoka penye moto kwenda penye baridi, na likishasambaa kila mahali kwa jotoridi moja, halina tena pa kwenda.

Fundi_Mashine:
Namuunga mkono Mwalimu. Kijana na atazame ule mchirizi wa maji unaotoka ubavuni mwa injini inapofanya kazi: maji huingia yakiwa na ubaridi wa ziwa na kutoka yakiwa yamepata joto. Wateja wengi hudhani kelele ndiyo inayokula mafuta, lakini nishati ya sauti ni kidogo mno. Kelele huudhi masikio zaidi kuliko inavyoudhi mfuko. Karabai nazo zilikuwa hivyohivyo, kwani sehemu kubwa ya mafuta ya taa iliishia kuwa joto na kidogo tu ikawa mwanga wa kuwavuta dagaa. Taa za sola hazipotezi joto kiasi hicho, ndiyo maana hata zenye betri ndogo zinaweza kukesha.

Mama_Dagaa:
Mmezungumzia petroli tu, kwa sababu ndiyo mnayoilipia. Kilo nne za dagaa wabichi huwa na takriban kilo tatu za maji, na kukausha kila kilo ya maji huhitaji jouli milioni 2.4 hivi, yaani theluthi mbili ya uniti. Kwa hiyo kila kilo nne tunazoanika kwenye chanja au juu ya mawe hupokea kutoka kwa jua nishati ya uniti mbili, bila ankara. Jua kali la mchana huleta karibu uniti moja kwa saa katika kila mita ya mraba. Mawingu yakitanda siku mbili wakati wa masika ndipo tunapoiona thamani yake, kwa maana dagaa huharibika na kuuzwa kwa bei ya chakula cha kuku.

Mzazi_Igoma:
Nawashukuru sana. Kijana anauliza pia kama ziwa lenyewe lina nishati likiwa limetulia.

Mwalimu_Ilemela:
Linayo nishati tuli, kwa sababu liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Huanza kutumika kule Jinja, Uganda, Mto Nile unapotoka ziwani, ambako bwawa la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. Maji hushuka hapo kiasi cha mita 20, na kila kilo hutoa jouli zipatazo 196 tu. Mwambie agawanye milioni 32 kwa 196: ataona kwamba zinahitajika zaidi ya tani 160 za maji kushuka pale ili kulingana na lita moja ya petroli ya baba yake mdogo.