MJADALA: Filamu ikidanganya kuhusu breki za treni, tuseme ni sanaa tu?

Mleta mada, Dodoma

Wakuu, nawasalimu. Kuna vijana wa hapa mjini wanaandaa filamu fupi kuhusu ajali ya treni ya Juni 24, 2002, ile ya kati ya Msagali na Igandu. Wamenipa muswada niusome. Wameandika vizuri, mazungumzo yana uhai, na yule mama anayesafiri na watoto unamwona kabisa mbele yako. Tatizo ni ajali yenyewe. Kwenye muswada, treni inapanda mlima, jambazi anajipenyeza kati ya mabehewa mawili, anachomoa pini, mabehewa yanakatika na kurudi nyuma kwa kasi mpaka yanagonga treni ya mizigo. Nilipowaambia treni haifanyi hivyo, wakanijibu kwamba wanatengeneza sanaa, hawaandiki ripoti ya tume.

Naomba tulijadili, maana naamini wamekosea pakubwa.

Treni ina bomba la upepo linalotoka kwenye kichwa hadi behewa la mwisho. Kati ya behewa na behewa bomba linaunganishwa kwa mipira. Upepo ukijaa bombani, breki zinaachia. Ukipungua, zinakamata. George Westinghouse aliupanga mfumo huu hivyo tangu 1872 kwa makusudi, ili kitu kikikatika, treni isimame. Sasa jambazi akichomoa pini, mabehewa yanaanza kuachana, mipira inanyooka na kuchomoka, upepo unatoka kwa kishindo, na pande zote mbili zinakamata breki. Hata mfumo wa vakyumu, unaotumia kunyonya hewa bombani badala ya kuijaza, bomba likiachia, breki zinakamata. Lakini filamu ngapi tumeona behewa likikatwa na kuteleza kama toroli?

Sisemi kila kosa ni dhambi. Kwenye Skyfall, filamu ya James Bond ya 2012, hadithi inatuambia tuko laini ya District ya treni za chini ya ardhi jijini London, lakini treni ni ya laini ya Jubilee, na walipigia picha kwenye majukwaa ya Charing Cross yasiyotumika tena. Wapenzi wa treni wa Uingereza walilalamika. Mimi hilo nalisamehe, halikumwonea mtu. Vijana wetu nao wakikosa mabehewa yenye rangi za 2002, watumie yaliyopo. Waangalie tu nyaya za reli mpya ya SGR zisionekane juu, kwa sababu treni ya umeme imeanza kubeba abiria wa Dodoma 2024.

Ila Igandu walikufa watu 281. Hapakuwa na jambazi. Treni yenye abiria zaidi ya 1,200 ilipata hitilafu ya breki mlimani, ikarudi nyuma, ikagonga treni ya mizigo. Ukimweka jambazi pale, umeifuta habari ya breki. Mtoto aliyefiwa na baba yake ataondoka akimchukia mtu ambaye hakuwepo, na swali la nani alikagua nini kabla ya safari halitaulizwa tena. Nyie mnaonaje?

Mdau wa Area C

Mkuu, nakupinga. Kibanda umiza hakuna anayejua bomba la upepo. Mtu amelipa aone, moyo umdunde. Chukua Unstoppable ya 2010. Imetokana na tukio la kweli la Ohio, Marekani, Mei 2001, treni iliyoondoka bila dereva. Ile ya kweli ilifika kama kilomita 76 kwa saa na hakuna aliyekufa. Kwenye filamu wameikimbiza kuliko hivyo, wakaongeza na mengine. Lakini bila ile filamu, wewe na mimi tungeijuaje Ohio? Hawa vijana hawana bajeti. Ukiwabana na ufundi wataacha, halafu hiyo ajali haitasimuliwa kabisa. Bora isimuliwe na makosa yake.

Mstaafu wa reli, Kizota

Wanangu, mleta mada kasema kweli, ila asiwafanye watu waamini breki ya upepo haishindwi. Inashindwa. Kila behewa lina tangi lake la akiba ya upepo, na upepo wa bomba ukipungua, ile akiba ndiyo inayosukuma breki zikamate. Dereva akikamata na kuachia mara nyingi kwenye mteremko bila kusubiri bomba lijae, akiba inakwisha. Treni ikisimama muda mrefu hiyo akiba nayo inavuja taratibu, breki zinaachia zenyewe. Ndiyo maana kuna breki za mkono, na ndiyo maana tulifundishwa kuweka vigingi kwenye magurudumu. Lac-Mégantic kule Kanada, Julai 2013, treni ya mafuta iliachwa mlimani usiku, kichwa kikazimwa, upepo ukaisha, breki za mkono zilizofungwa hazikutosha. Watu 47 wakafa. Hapo nako hapakuwa na jambazi.

Na jingine. Kama muswada wao una treni mbili zinapishana porini, wafute. Reli ya Kati ni njia moja. Treni zinapishana stesheni, na dereva haondoki bila ruhusa ya stesheni masta.

Mleta mada, Dodoma

Mzee, shikamoo. Asante sana, hiyo ya akiba kuisha nitawapelekea leo leo. Na kweli muswada una treni mbili zinapishana, ukurasa wa pili tu.

Mdau wa Area C, nimekuelewa kuhusu bajeti, lakini angalia mzee alivyotupatia sinema bila senti tano. Gadi, yule msimamizi wa treni, yuko behewa la nyuma, usiku, anasikia magurudumu yameanza kugeuka upande usio wake. Anakimbilia gurudumu la breki ya mkono, analizungusha kwa nguvu zote, treni haikamati. Hakuna kichwa cha treni cha kukodi hapo, ni mikono ya mtu na chuma. Ukiniambia hiyo haiudundishi moyo kuliko jambazi na pini yake, tubishane.

Kuhusu Ohio, hujanishinda. Waliongeza kasi, sawa, ila chanzo walikiacha palepale: dereva alishuka kwenda kugeuza njia, treni ikamwacha. Tofauti hiyo ndiyo ninayoipigania. Chumvi waongeze kwenye mwendo, kwenye mvua, kwenye mapenzi ya abiria wakitaka. Sababu ya watu kufa waiache ilivyo.

Wenye ndugu waliokuwemo kwenye ile treni, kama mnasoma hapa, natamani kusikia kwenu kabla vijana hawajaanza kupiga picha. Mngependa sehemu ile ionyeshwe, au iishie treni inapoanza kurudi nyuma?