Mota ya kuvuta barua hadi ndani kupitia tundu la mlango: rola zipi, kasi gani, swichi ikae wapi?

Mlandege51 (Iringa)

Kamwene wakuu.

Nahitaji ushauri wa ufundi. Mlango wa ofisi unatazama barabara, ni wa mninga, unene mm 45. Una tundu la barua la mm 250 kwa 35, lenye kifuniko cha springi nje na kingine ndani. Barua za sanduku la posta tunazifuata wenyewe, tundu hili ni la matarishi: bahasha za kaki za A4, ankara, notisi, na gazeti. Wakikuta tumefunga wanasukuma barua mpaka inapogoma, nusu inabaki nje. Mvua ikinyesha inalowa, na yeyote anayepita anaweza kuichomoa.

Nataka kifaa nyuma ya mlango: barua ikiguswa tu, mota iivute yote idondokee kwenye kikapu. Nina mota ya gia ya volti 12, mizunguko 200 kwa dakika, na Arduino Uno (bodi ndogo ya kuprogramu). Maswali yangu: rola za ukubwa gani na za nini? Mota hii inatosha au nitafute yenye nguvu zaidi? Swichi au sensa ikae kabla ya rola au baada yake? Na umeme ukikatika?

FundiMwanjelwa

Mkuu, nguvu unayo ya kutosha, kinachozidi ni kasi. Nianze na rola kwa sababu ndipo wengi wanapokwama.

Michoro mingi ya vifaa hivi mtandaoni inatoka Uingereza, ambako posta hupeleka barua mpaka mlangoni na barua inayoning'inia humwonyesha mwizi kwamba nyumba haina mtu. Wanatumia rola nyembamba za printa, mm 15 hadi 25. Kwa barua za kawaida zinatosha. Kwa gazeti lililokunjwa hazitoshi, na hata uongeze mota mara tatu hazitatosha. Kitu kinene kikifika kati ya rola ndogo kinakutana na ukuta: mpira unasugua pale mbele, haupandi. Kadiri kipenyo cha rola kinavyokuwa kikubwa, ndivyo mpira unavyopanda kitu kinene zaidi. Rola za mm 40 zinakamata vitu vinene kuliko za mm 25. Kwa hiyo tumia bomba la PVC lenye kipenyo cha nje cha mm 40 na uvalishe tyubu ya baiskeli. Tyubu mpya ina unga ndani na nje. Ioshe kwa sabuni, ikauke, ndipo uivalishe. Usiisafishe kwa petroli wala mafuta ya taa, mpira utavimba na kuwa laini kama ulimi.

Usivalishe tyubu bomba zima. Kata pete nne za mm 30 kila moja, acha nafasi za mm 20 kati yake. Kwa tundu la 250 inakuwa mm 35 kutoka kila ukingo. Ukipanga hivyo, hata bahasha ndogo ya 110 kwa 220 ikiingizwa upande mfupi ukitangulia na kubanwa pembeni, inakamatwa na pete mbili. Ikikamatwa na moja tu itageuka, ikwame kwa mshazari. Zile nafasi zina kazi nyingine nitakayoitaja chini.

Rola ya chini ndiyo ifungwe kwenye mota. Ya juu izunguke bure na ielee: mashimo ya shafti yake yawe mifereji ya wima ya mm 15, na springi zishuke kutoka juu. Shafti ni nondo laini ya mm 8, beringi ni 608 zile za viatu vya magurudumu (8 kwa 22 kwa 7), zinapatikana kirahisi. Mota nyingi za aina hii zina shafti ya mm 6 yenye ubapa upande mmoja, hivyo tafuta kiunganishi cha 6 kwa 8.

Sasa springi. Funga mizani ya kuning'iniza kwenye ukanda wa karatasi ngumu, zungusha rola, soma mizani pale karatasi inapoanza kuteleza. Lenga nusu kilo. Ikizidi kilo moja punguza. Nusu kilo kwenye rola yenye nusu kipenyo cha sentimita 2 ni kilo-sentimita 1 tu, na mota ya gia ya volti 12 ya kawaida inatoa zaidi ya hapo. Kuteleza ndiyo kinga yako: barua ikikwama, mpira uteleze, karatasi isichanike na gia isivunjike meno.

Kasi: mm 40 ni mzingo wa karibu mm 126. Mizunguko 200 inakupa mm 420 kwa sekunde, bahasha iliyolowa itachanika. Tafuta mota ya mizunguko 30 hadi 40. Kwa 35 unapata mm 73 kwa sekunde, na bahasha ya A4 ya mm 324 inaingia kwa sekunde nne na nusu hivi.

Umbali: mstari ambapo rola zinagusana uwe mm 30 kutoka uso wa ndani wa mlango. Jumlisha unene 45, ni 75. Isizidi 100, maana bahasha ya 110 kwa 220 ikiingizwa upande mrefu ukitangulia itaishia katikati bila kufikiwa.

Na ile kazi ya nafasi za mm 20: weka meno ya bati upande wa kutokea, yaingie kati ya pete na kukaribia bomba bila kuligusa. Karatasi nyembamba yenye unyevu hupenda kujiviringisha kwenye rola, na bahasha za kaki zenye uzi wa kufungia ni mbaya zaidi, uzi unajisokota kwenye shafti. Meno hayo yanavibandua.

dada_saketi (Mafinga)

Kaka Mlandege, rola umeelekezwa vizuri. Mimi niseme umeme.

Swichi iwe kabla ya rola, mm 10 hadi 15 kutoka mahali zinapogusana. Ukiiweka baada, tarishi atalazimika kupenyeza barua kati ya rola zilizosimama, na karatasi nyembamba itajikunja. Tumia swichi ndogo yenye mkono mrefu wa waya, kama zile zinazotolewa kwenye mikrowevu mbovu, upinde mkono uwe na kona laini. Sensa za mwanga wa infraredi za bei nafuu zinadanganywa na jua la asubuhi likipenya kwenye tundu, na zinakula umeme saa zote.

Lakini swichi ikiwa kabla, ukingo wa nyuma wa barua unaiachia wakati bado mm 15 hazijapita. Mota ikisimama hapo hapo, barua inabaki imebanwa. Inatakiwa ichelewe kusimama. Hilo halihitaji Arduino. Chukua mosfeti IRFZ44N (swichi ya kielektroniki yenye miguu mitatu). Ukiitazama upande wa maandishi, miguu ikiwa chini, kutoka kushoto ni geti, dreni, sosi. Mota ikae kati ya +12 na dreni, sosi iende hasi. Swichi itoe +12, ipite rezista ya omu 100, iingie geti. Kati ya geti na hasi weka kapasita ya mikrofaradi 100 (volti 25) na rezista ya 10k (omu 10,000), sambamba. Swichi ikiachia, kapasita inajimwaga polepole na mota inaendelea kwa sekunde 1 hadi karibu 2, kutegemea mosfeti uliyopata. Zinatosha sana kwa mm 15. Dayodi 1N4007 sambamba na mota, mstari wake upande wa chanya. Ukiisahau utaua mosfeti. Bati la mgongoni la mosfeti ni dreni, lisiguse fremu ya chuma.

Ikiwa haina barua, saketi hii haitumii chochote cha kuhesabika. Betri ya 12V 7Ah (ampia-saa 7), zile za kengele za ulinzi, inakaa muda mrefu. Iunganishe na chaja inayosimama kwenye volti 13.6 hadi 13.8. Adapta ya kawaida ya volti 12 haichaji betri hiyo ikajaa, na nyingine hazina ulinzi wa kurudi kwa umeme, hivyo usiziunganishe moja kwa moja.

mkandarasi_Kabwe

Saketi ya dada ni safi ila ina kasoro moja ambayo kwa ofisi siikubali: barua ikikwama juu ya mkono wa swichi, mota haitasimama kamwe. Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi rola inasugua bahasha moja. Mpira unaisha, betri inaisha, na ankara ya mtu inatoboka. Au tarishi aingize barua ikagusa swichi bila kufika kwenye rola, akaondoka: matokeo ni yale yale.

Arduino anayo tayari, aitumie. Kanuni iwe: swichi ikibonyezwa, washa, ikiachia, endelea sekunde 1.5, zima. Ikibonyezwa mfululizo kwa sekunde 8, zima, washa taa nyekundu, na usiwashe tena mpaka swichi iachiwe. Kwa mm 73 kwa sekunde, sekunde 8 ni zaidi ya nusu mita, hakuna bahasha halali ya urefu huo.

Tahadhari mbili. IRFZ44N haifunguki sawasawa kwa volti 5 za Arduino, itapata moto. Nunua IRLZ44N, herufi L ndiyo tofauti, miguu ni ile ile. Na uchomee kapasita ya seramiki yenye alama 104 kwenye miguu ya mota, vinginevyo kelele ya umeme ya brashi za mota itaizima na kuiwasha Arduino katikati ya barua.

Uno ni kubwa na inakula umeme mwingi kwa kazi hii. Arduino Nano, ndugu yake mdogo, inakula takribani miliampia 20, karibu nusu ampia-saa kwa siku. Betri ya 7Ah usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo umeme ukikatika una wiki moja. Inatosha.

Mlandege51

Nashukuru sana wakuu, na dada. Nitakwenda na Nano na IRLZ44N. Mawili yamebaki: watoto wa jirani wanapenda kuingiza vidole kwenye tundu, na vifuniko vya springi je, nivitoe vyote viwili?

dada_saketi (Mafinga)

Hoja ya mkandarasi naikubali, kwa ofisi inayofungwa siku mbili kikomo cha muda ni lazima.

Vidole: kutoka uso wa nje hadi rola ni mm 75, mkono mwembamba wa mtoto utafika. Springi ya nusu kilo haitavunja kidole ila itamtisha, na kucha inaweza kukamatwa. Weka mabati mawili ya mshazari kati ya mlango na rola, yaanze na upana wa 35 na kuishia 12. Yanaelekeza barua katikati ya rola na yanazuia kiganja. Kingo zake zikunje, zisiwe kali. Ongeza fyuzi inayojirudi kwenye waya wa mota. Ili kuichagua, pima kwa multimita ampia za mota ikivuta barua, kisha zipime ikiwa umeishika isizunguke kwa sekunde moja tu. Fyuzi yako iwe katikati.

Tukuyu_mvua

Kwa vifuniko nina neno, na ningelisema kabla ya mota. Barua yako inagoma kwa sababu ya hivyo vifuniko. Springi ya nje inabana, ya ndani inabana tena, na kati yake kuna mm 45 za mbao tupu zinazosugua. Toa cha ndani kabisa. Cha nje kibaki, ila badilisha springi uweke laini, au iondoe na uache uzito wa kifuniko ufanye kazi. Ndani ya unene wa mlango vika bati laini au plastiki, juu na chini. Ukifanya hayo tu, bahasha ndogo zitaingia zenyewe. Mota itabaki na kazi ya A4 na magazeti.

Upepo wa Iringa utaingia, ndiyo. Weka ukanda wa brashi ule wa chini ya mlango, nywele zake uzipunguze zibaki mm 15, upande wa juu tu. Ukiweka juu na chini karatasi nyembamba itapinda.

Mvua: kunja bati la upana wa mm 60 juu ya tundu kwa nje, liwe na mdomo ulioshuka ili maji yadondoke mbele. Sakafu ya tundu ichongwe ielekee nje kidogo, mm 4 au 5 kwa unene mzima wa mlango. Kazi hii ni ya lazima zaidi kuliko mota, kwa sababu maji yakifuata bati hadi ndani yatakuta beringi na swichi.

Fremu ya rola usiitengeneze kwa mbao za paini. Kuanzia Novemba hadi Aprili inavimba, mifereji ya shafti inabana, rola ya juu inaacha kuelea, na utadhani mota imechoka. Bapa la chuma la mm 3 au aluminiamu. Na mashimo ya skrubu kwenye mlango yafanye marefu kidogo kwa wima, kwa sababu mninga nao unacheza, japo kidogo.

FundiMwanjelwa

Naunga mkono fremu ya bapa. Kiangazi tatizo linageuka: vumbi jekundu linapaka mpira na barua inaanza kuteleza hata ikiwa nyembamba. Usikimbilie kukaza springi. Futa pete kwa kitambaa chenye maji na sabuni, na zikianza kung'aa zipitishe msasa wa namba 120. Beringi za 608 zenye vifuniko vya raba hazihitaji grisi, na usiweke grisi yoyote karibu na pete.

Mkono wa swichi nao unapinda taratibu kwa bahasha nene. Ukaguzi wake ni rahisi: ingiza karatasi moja ya A4, isiyokunjwa. Mota isipowaka kabla karatasi haijagusa rola, urudishe mkono juu.

Mlandege51

Sawa mkuu. Naanza na bati, vifuniko na mdomo wa mvua, kisha fremu. Mota ya mizunguko 35 naagiza Mbeya.