Mikoko tunayopanda inakauka, tufanyeje?

Kijana wa Vanga: Habarini wadau. Kikundi chetu kinajitolea kupanda mikoko. Miche tuliyoweka kwenye tope la wazi mbele kabisa inashikwa shinani na vijidudu vya baharini vyenye magamba magumu, kisha inakauka. Tubadilishe mche au mahali?

Mama wa Pwani: Mahali, mwanangu. Waulize wavuvi wazee kama pale paliwahi kuwa na mikoko. Kama hapakuwa, basi maji yanakaa mno na mche mchanga unazama. Mikoko ina aina nyingi: mbele panapopigwa na mawimbi ni pa aina iitwayo mlilana. Aina iitwayo mkoko wenyewe hukaa nyuma yake kwenye tope laini, na aina ya mkandaa juu zaidi, kuelekea nchi kavu. Mbegu ya mkoko, ile ndefu ya kijani, chagua iliyokomaa: utaona pete ya manjano shingoni. Chomeka ncha chini, theluthi moja tu. Na msipande siku ya wageni na kamera, pandeni maji yakiwa yametoka vizuri!

Mdau wa Kwale: Nakazia hapo. Nendeni kijiji cha Gazi, huku Kwale, mkaone kazi ya Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji wa kutunza mikoko. Wanauza hewa ya ukaa, yaani wanalipwa kwa kaboni ambayo mikoko yao inahifadhi, na fedha zimesaidia maji na shule za kijiji. Nguvu yao kubwa ni kulinda msitu uliopo usikatwe ovyo.

Kijana wa Vanga: Shikamoo mama, asante. Na mbuzi je? Wanakula mchu wote, ile aina nyingine ya mikoko.

Mama wa Pwani: Marahaba. Ongeeni na wenye mbuzi kabla ya kupanda, waingie kikundini.