Eti "kichwa ni kimoja, chagua"! Huyu msimamizi wetu wa mchezo yuko sawa kweli?

Wakuu, nimetoka mezani sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Sitaji jina. Mnamjua, nusu yenu mshawahi kufia mikononi mwake.

Mchezo ni Pathfinder, toleo la kwanza, ule wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu. Mimi nina babariani, mpiganaji wa hasira. Makucha mawili, meno, pembe, mkia. Mashambulio MATANO. Muda wote huo nimekuwa mzigo wa kundi, maana ukisogea kumfuata adui shambulio kamili (kupiga na vyote zamu moja) huna, unakwaruza mara moja unarudi kuzubaa. Nikavumilia hadi leveli ya 10, ile totemu ya mnyama inayokuruhusu kumrukia mtu na kumshukia na kila ulichonacho. Leo ndiyo leo. Joka lile pale. Nikaruka, dadu ziko mkononi.

Akanikatiza: "Ngoja. Unang'ata na kupiga pembe kwa pamoja? Kichwa si ni kimoja? Chagua."

KICHWA. NI. KIMOJA.

Mchawi aliyekaa pembeni yangu kachoma kijiji kizima kwa mpira wa moto, hakuulizwa hata kiberiti katoa wapi. Mimi nafanyiwa mtihani wa baiolojia! Kitabu kinasema meno na pembe yote ni mashambulio ya msingi, bonasi kamili, nguvu kamili. Halafu zamu ya joka ikafika: likanipa meno, makucha, mabawa na mkia kwa mpigo, na hakuna aliyelihesabia vichwa. Chagua! Na meza nzima ikacheka!

Kobe Mkavu: Pole mkuu. Ongeza vichwa. Kimera anavyo vitatu, hajawahi kuambiwa achague.

Mla Dadu: Mkia uliupunguzia 5 kwenye dadu ya kupiga? Ule ni shambulio la pili, si la msingi, na nguvu inaingia nusu.

Mtoa mada: Nina uwezo wa kuishusha hiyo 5 iwe 2, usinifundishe. Hoja ni kichwa.

Mla Dadu: Na lile shoka? Ukipiga kwa shoka, ukucha wa mkono huo hauna kazi, na meno na pembe vyote vinashuka kuwa vya pili.

Mtoa mada: Shoka lilikuwa mgongoni! Soma uzi kabla ya kujibu!

Mla Dadu: Uzi haujataja shoka. Mimi nilikuwepo.

Mtoa mada: KUMBE WEWE NDIYE ULIYEANZA KUCHEKA.

Bibi wa Mashoka: Afadhali wewe umepewa uchague. Mimi nina mpiga mishale, na tangu nimjenge kila pambano liko kwenye korido ya futi 5, gizani, kona kila hatua.

Sungura Mtata: Na sisi tunaosubiri zamu? Mtu ana mashambulio matano, anajumlisha kwa vidole, anakumbuka bonasi ya hasira mwishoni, anaanza upya. Mimi nililala.

Bibi wa Mashoka: Huyo nafuu. Kuna yule anayeita mbwa mwitu kundi zima, kila mmoja na zamu yake.

Kobe Mkavu: Si ndiye anayelamba dadu kabla ya kurusha?

Mtoa mada: Jamani, turudi kwenye kichwa.

Sungura Mtata: Analamba?!

Bibi wa Mashoka: Analamba. Na dadu ni zangu.