Viatu vikichakaa mjini, nani anavitengeneza vizuri? Tupeane uzoefu

Mleta mada: Wakuu, salamu. Nina viatu vya ngozi, juu vizima kabisa, ila soli imelika hadi naisikia lami. Fundi wa kwanza alisema tupa. Wa pili akapaka gundi juu ya uchafu uleule, mvua ikanyesha, viatu vikaanza kucheka. Nyie wenzangu mnafanyaje?

Jibu: Pole mkuu. Mimi kinachonichosha ni "njoo kesho jioni." Ukienda, kimoja kimetengenezwa, chenzake kiko chini ya rundo na fundi hakumbuki ni rundo lipi. Siku hizi simwachii mtu. Nakaa hapohapo na ndala za kuazima mpaka amalize.

Jibu: Afadhali nyie wanaume. Mimi niliwekewa vipande vipya vya kisigino, kimoja kinene kuliko kingine. Nilitembea navyo huku nyonga inauma, nikamrudishia, akaniambia nitazoea. Nitazoea ulemavu?

Jibu: Jamani mimi ni fundi, niruhusuni niseme kidogo. Uzembe upo, sikatai. Lakini kubandika soli kuna hatua zake. Unakwangua gundi ya zamani yote, unapiga msasa pande zote mbili, unapaka, unasubiri hadi ukigusa isinate kidoleni, ndipo unapasha moto na kukandamiza. Hapo kwenye kusubiri ndipo tunapogombana, mteja amekusimamia anasema anawahi gari. Basi fundi anachukua ile gundi ya kukauka papo hapo. Ile ikikauka inakuwa ngumu, na kiatu kinakunjwa kila hatua, lazima ipasuke. Tena ikishaingia humo, anayekuja kurekebisha baadaye anapata kazi mara mbili, maana haikwanguki kirahisi. Na raba nyingi za sasa soli zake ni povu, laini kama sponji. Ukizishona, uzi unakata povu. Wengine tunasema tupa kwa sababu hiyo, si uvivu.

Jibu: Fundi, na vya kabatini je? Vyangu nilivihifadhi vya sherehe tu. Siku ya kuvaa, soli ikamomonyoka vipande vipande ukumbini, nikawa naacha alama kila nilipopita.

Fundi: Hiyo ni poliurethani, aina ya plastiki ya kutengenezea soli. Unyevu wa hewani unaivunjavunja taratibu hata kiatu kisipovaliwa, na ikishaanza kumomonyoka hakuna gundi itakayoshika. Inabidi soli nzima ing'olewe iwekwe nyingine, kama ya juu inastahili gharama.

Jibu: Mimi fundi wangu nilimjulia kwenye swali lake la kwanza. Alikigeuza kiatu akauliza, hiki kimeshonwa au kimebandikwa? Wote waliotangulia walikuwa wanataja bei tu. Sasa hivi nikihama mtaa nitamfuata hukohuko alipo.

Mleta mada: Nimeangalia vyangu, kuna mstari wa uzi umezunguka ukingo wote. Kumbe yule wa tupa hakuviangalia hata kidogo!

Fundi: Usishangilie mapema mkuu. Uzi mwingine ni urembo tu, umepitishwa kwenye mpira wa juu haufiki popote. Mwambie fundi afungue kidogo kwa nyuma, kwenye kisigino, aone unashika nini. Ukiwa wa kweli, soli inabadilishwa vizuri tu. Ila umwachie muda.

Jibu: Na usimwachie vyote viwili kwenye rundo.